Kitanzi cha Kumi na Moja

Kwa mara ya nne, picha ya ubongo ilifika hospitali ya pili imeraruka kama gazeti lililonyeshewa. Fundi aliitazama kwenye kompyuta yake akauma meno.

Picha zilipigwa hapa usiku, kabla fundi hajaingia kazini. Mgonjwa na daktari wa upasuaji walikuwa kule, ng'ambo ya mji, na gari lililobeba nakala lilikuwa limeganda kwenye foleni.

"Bila picha sishiki kisu," daktari alikuwa amemwambia kwa simu. "Na huyu mtu damu inamvujia kichwani."

Mtambo mpya ulisafirisha data kama mwanga mtupu, vifurushi kwa maelfu, kufumba na kufumbua. Ubaya wake, mwanga hausubiri. Vifurushi viwili vikigombea njia moja, kimoja hupelekwa kuzunguka kwenye kitanzi cha uzi wa kioo hadi njia iwe wazi. Vitanzi vilikuwa thelathini na viwili. Kimoja kati yake kilikuwa kinameza vipande vya picha. Na bosi, aliyevifunga vyote kwa mikono yake, hakuwa ametia mguu kazini tangu jana.

Akampigia tena.

"Bosi, njoo basi. Nimekwama."

"Siwezi kuinuka, dada." Maneno yalikuwa mazito, yakiburutana. "Nisomee taa za vitanzi."

"Umelewa asubuhi hii?"

"Laiti ningekuwa nimelewa. Soma."

Akamsomea kwa hasira. Tano, kijani. Nane, kijani. Kumi na moja, inapepesa.

"Hicho. Nilikikunja mno siku ile ya kuvifunga. Nilikuwa na haraka. Kioo kikikunjwa mno, mwanga unavuja."

"Kwa hiyo ni uzembe wako. Mtu anakufa huko, wewe umejilaza."

"Ndiyo, nimejilaza. Kilegeze. Taratibu, kisikatike."

Alifungua kifuniko, akakilegeza kitanzi kwa ncha za vidole huku akimtukana bosi kimoyomoyo. Taa ikatulia. Akatuma picha mara ya tano. Ikapita yote, mstari kwa mstari, bila hata kipande kimoja kupotea.

"Bosi, imepita. Umesikia?"

Kisha kwenye simu ileile ikaja sauti nyingine, ile ya daktari, iliyomsumbua tangu alfajiri.

"Imefika, fundi, safi kabisa. Sasa uniwie radhi, nampokonya simu. Dawa ya usingizi iko tayari."