Fundi Aliyejua Kuomba

Fundi Urbanus alikuwa katikati ya maombi ya kubariki nyumba yangu nilipoegemea ukuta, na kidole gumba changu kikazama ndani.

Sikusukuma. Niliegemea tu, nimefumba macho kama waumini wenzangu waliojaa kwenye hicho chumba, mtaani Gatina. Nilipofumbua, mchanga ulikuwa unamwagikia kiatu changu cha Jumapili. Mchanga mtupu! Simiti niliyonunua mimi mwenyewe ilienda kujenga kwa nani?

"Baba, zilinde kuta hizi," Urbanus aliomba, sauti ikimtetemeka.

Ni sauti hiyo hiyo iliyonifanya nimpe kazi ya kujenga nyumba hii. Mafundi wengine niliwauliza wamejenga wapi, nikaenda kuangalia. Yeye sikumuuliza kitu. Mtu anayeongoza maombi kanisani kwetu, ningeanzia wapi kumuuliza?

Na kesho wapangaji wanahamia, na watoto wao.

"Amen," wote wakasema.

Mimi nilikuwa bado nakung'uta mchanga kiatuni, wakanigeukia.

"Fundi, umeomba vizuri sana. Sasa lete bibi yako na watoto wako walale humu leo."

Akacheka kidogo. "Mama, tusiongee hivyo mbele ya watu wa Mungu."

"Basi egemea huu ukuta. Wewe peke yako. Egemea na nguvu zako zote."

Urbanus aliutazama ukuta, akainua macho akatazama slabu ya zege juu ya vichwa vyetu, kisha akaikumbatia Biblia yake na kuanza kurudi nyuma, polepole, kuelekea mlangoni.