Swichi ya Friza

"Zima, fundi," alisema mkurugenzi wa maabara, ambaye ofisini kwake mapazia yalibadilishwa juzi tu. "Serikali haina fedha za watu kufuata udadisi wao."

Mkono mmoja wa fundi umeme ulikuwa kwenye swichi, mwingine kwenye mlango wa friza, baridi ikimng'ata kiganja. Humo mlikuwa na damu ya marehemu mkewe, aliyoitoa kwa hiari ugonjwa usio na jina ulipokuwa ukimmaliza.

"Waache watafute, baba watoto," mkewe alimwambia siku ile. "Huenda wakamwahi mgonjwa mwenzangu."

"Bado tunatafuta," alisema mtafiti aliyesimama kwenye mlango wa maabara.

"Mnatafuta nini, dada? Hata nyinyi wenyewe hamkijui!" Mkurugenzi akacheka.

Fundi akaondoa mkono kwenye swichi.

"Njoo uzime mwenyewe, bwana mkubwa. Mimi nilishamzika mara moja."