Vijana wa Kalavati

Tarehe 9 Juni 2084, asubuhi ya manyunyu. Mzee Ambakisye alikuwa ameketi jikoni akimenya mbaazi wakati balozi wa mtaa alipoingia na majirani wawili, akawasha kwenye skrini ndogo filamu ya zamani iliyokutwa katika stoo ya kanisa.

Siku hizi kukaa bila kazi ni kosa, na kosa hilo halizeeki: hata la ujanani linaadhibiwa. Kwenye filamu, vijana watatu wamekaa juu ya kalavati, kidaraja cha mfereji, huko Goba, nyuso kavu.

“Twende,” anasema mmoja.

“Wapi?” anauliza mwenye kofia.

Wanabaki palepale mpaka filamu inaisha.

“Mwenye kofia ni wewe, mzee,” alisema balozi.

“Ni mimi, tulikuwa tunaigiza. Watu walicheka sana.”

“Walicheka nini?”

Mzee alifikiri, asikumbuke.

“Basi twende. Kambi ya kazi inakusubiri.”

“Wapi?” aliuliza mzee, kwa uso uleule mkavu wa kwenye filamu.

Tunsume, binti yake, aliyekuwa amesimama mlangoni, alihisi kicheko kikimpanda kooni. Alimwomba Mungu akiondoe, nacho kikaondoka. Akachukua kiti cha baba yake, akamkabidhi balozi, kisha akainua mkono.

“Mwacheni nyumbani. Mbele yenu nyote na mbele za Mungu, naahidi kuwa baba hataketi tena.”