Kikao cha Kusimama

"Jana sikumaliza," alisema Kinyozi. "Leo nadhani sitamaliza. Kikwazo ni mimi mwenyewe."

Wenzake wakacheka puani. Refa hakucheka. Kinyozi, aliyepewa jina hilo kwa kuwa ndiye aliyewanyoa wote, alikuwa mtu wa kumaliza kazi kabla chai haijapoa. Wiki hii kila asubuhi alikuja na udhuru mpya.

Walikuwa waundaji wa programu za simu, na kikao hiki kilikuwa kazi ya mikono ya Refa. Alikikuta kirefu, watu wakilumbana huku wameegemea viti. Akaviondoa viti. Akawasimamisha duara, kila mmoja aseme mambo matatu tu: jana nilifanya nini, leo nitafanya nini, nini kimenikwamisha. Anayerefusha alikatizwa, na ndiko lilikotoka jina la Refa. Simu haziingii chumbani. Kuchelewa hakukuwapo, maana wote walilala ghorofa ya juu ya jengo hilohilo.

Kikao kilikwenda kama saa mpaka Jumatatu, bosi alipomwita Refa pembeni.

"Ijumaa mmoja ataondoka," alisema bosi. "Wakimwona mwenzao anaondoka, watakaobaki watakaza mwendo. Nitajie yule ambaye kazi itaenda bila yeye. Wewe ndiye unayewasikiliza kila siku."

"Na mimi?"

"Wewe huhesabiwi."

Refa akaitikia.

Habari haina miguu, lakini kufikia jioni ilikuwa imezizunguka meza zote. Tangu hapo mikono ikawa mizito. Aliyekuwa hodari akawa mtu wa kukosea, na aliyekuwa mkimya akawa na vikwazo vya kumwaga. Refa hakumlaumu yeyote. Roho ya mtu ikibanwa haina adabu.

Mama Mapacha alimfuata kwenye sinki. Yeye ndiye aliyeshika mitambo yenye taarifa zote. Asipoigusa, meza zote zililala.

"Mdogo wangu," alisema, akijifanya anasuuza kikombe, "unajua nimewaacha wanangu kwa mama, naye hana nguvu tena. Unitazame na mimi."

"Dada, bila wewe hapa hakiendi kitu. Bosi mwenyewe anajua."

Hakumshukuru. Aliendelea kusuuza kikombe kilichokwisha kutakata.

Kesho yake, zamu yake ilipofika, alisema naye amekwama.

"Umekwama wapi, dada?" Kinyozi akamcheka. "Kazi yako sote tumeiona imeisha tangu jana. Uongo nao una wenyewe." Kisha akamgeukia Refa. "Na wewe, si ujitaje mwenyewe tupumzike?"

"Anayefuata," alisema Refa.

Alipima jambo hilo kama seremala apimavyo ubao, mara hii upande huu, mara ile upande ule. Kila alipopima, jibu lilikuwa Kinyozi. Kazi yake wengine wangeimudu. Ila kumtoa Mama Mapacha ni kung'oa nguzo na kubaki chini ya paa, na bosi hakuwa mtu wa kupokea udhuru.

Ijumaa bosi akaja mwenyewe, akasimama katikati ya duara.

"Jina."

Refa alifungua kinywa amtaje Kinyozi. Macho yakamwangukia yule mwanamke, amejishika mikono kama mtu anayesikia baridi.

"Mama Mapacha," alisema.



"Huyu?" bosi akauliza. "Si ndiye anayewabeba?"

"Amekwisha kuwafundisha wengine. Kazi itaenda."

Hakuwa amemfundisha mtu. Ulikuwa uongo wa kwanza wa Refa katika kikao alichokitengeneza ili watu waseme kweli.

 Mama Mapacha akakaa sakafuni, akafunika uso.

"Kwa Mungu utajibu, Refa," alisema Kinyozi. "Kwa huyu na kwa sisi sote."

"Nitajibu," alisema Refa.

Bosi akatazama saa yake, akamwashiria mlinzi. Kinyozi akapiga goti, akamshika Mama Mapacha mabega, akamnong'oneza sikioni namba ya simu ya mama yake yeye Kinyozi, tena na tena, asije akaisahau njiani.

Mlinzi akamrudishia pasi yake ya kusafiria, akafungua makufuli ya mlango wa chuma. Mama Mapacha akatoka mbio hadi barabarani bila kugeuka nyuma. Mlinzi akawahesabu waliobaki, Refa miongoni mwao, akawafungia tena.