Yai la Mwisho Pangoni

Linnea aliinua nyundo juu ya yai la mwisho.

Mengine yote alikuwa ameshayavunja, kama walowezi wenzake walivyoafikiana. Jana walikuwa wameliua joka lililoyataga, lile lililoteketeza ghala la mbegu, kaka yake akiwa ndani. Katika kambi yao yote kwenye sayari hii mpya, ni yeye tu aliyekuwa mwembamba kiasi cha kupenya pangoni.

Ndani ya yai, kitu kiligonga.

Akaweka nyundo chini, akaligusa. Gamba lilikuwa na vuguvugu, limeparara kama kisigino cha mtu anayetembea pekupeku. Kitu kikagonga tena, palepale penye kiganja chake.

"Umemaliza, mwanangu?" baba yake aliuliza redioni, kutoka nje ya pango, alikosimama na bunduki.

"Limebaki moja, baba. Linaanguliwa."

"Lipige tu. Usilitazame."

"Nimeshalitazama."

Gamba likapasuka. Kichwa kilicholoa kikajitokeza, kikapapasa kutafuta joto, kikajilaza kwenye mkono wake, mkono uleule uliotapakaa ute wa ndugu za kiumbe hicho. Linnea akalia, kwa mara ya kwanza tangu wamzike kaka yake.

"Linnea? Nijibu, mama."

Akafungua zipu ya koti, akakiingiza kile kiumbe kifuani, akaifunga taratibu hadi shingoni.

"Baba," alisema, "weka bunduki chini. Tunatoka."