Punje ya Kimea

Bertilla alipofungua daftari, punje ya ulezi ilimdondokea kiganjani. Akaitazama vizuri. Jana alikuwa ametega kati ya kurasa punje ya kimea cha pombe, iliyokwisha kuchipua kijimzizi, ajue kama kuna anayelifungua. Hii ilikuwa kavu, ya ghalani.

Kumbe kuna mtu alilifungua, akaiangusha ile, akaokota nyingine.

Mumewe yuko safarini Muze tangu Jumatatu. Nyumbani wamebaki yeye na mama mkwe, na mama mkwe hajui kusoma. Mwaka wa nane huu Bertilla ndiye anayemsomea hata ujumbe wa simu.

Zoezi la juzi, kutoka kwenye kundi lake la waandishi la simuni, lilisema: "Andika kuhusu mtu unayemwogopa." Bertilla alikuwa amemwandika mama mkwe, kurasa tatu nzima.

Simu ikalia. Zoezi la leo: "Andika uongo utakaoaminiwa na mtu mmoja tu."

Hakufikiri mara mbili, akaandika: "Ile rozari ya mama mkwe iliyopotea nimeifukia nyuma ya kihenge, chini ya jiwe jeupe." Akarudisha daftari chini ya mto, akabeba ndoo, akaenda kisimani.

Aliporudi, mama mkwe alikuwa ameketi mlangoni. Alimnyooshea simu yake ya kitochi, kucha zimejaa udongo mbichi.

"Hebu nisomee, mwanangu," alisema taratibu. "Kusoma kwenyewe, unajua mimi sikujaliwa."