Ndege wa Mzee Noeli

"Wako wangapi?" aliuliza Mzee Noeli.

Cecilia alitazama mbele ya hema. Mbuga ya Bahi ilikuwa imekauka hadi kupasuka. Pale palipokuwa na maji mwezi wa tano, sasa palikuwa na vigae vya udongo, na juu yake hapakuwa na kitu ila vumbi lililokuwa likizunguka. Alifungua mdomo aseme ukweli.

"Kama mia mbili, baba," kaka yake Silvano alimtangulia. "Heroe watupu, miguu mirefu, rangi ya waridi mpaka inaumiza macho."

Mzee alishusha pumzi, akaegemea kiti cha turubai. Miwani yake myeusi ilielekea kulekule kwenye vumbi. "Mungu mkubwa," alisema. "Nilijua nikifika nitawakuta."

Cecilia alimgeukia Silvano kwa jicho kali. Silvano akainua mabega. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi ishirini wawili hao kutazamana usoni.

Safari hii aliitaka mzee mwenyewe. Alikuwa mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Bahi. Mwezi wa sita alifanyiwa upasuaji wa macho, akarudi nyumbani kwake mtaa wa Kikuyu akipapasa ukuta, akasema imeshindikana, haoni tena. Cecilia alimlaumu Silvano moyoni kwa kumpeleka baba kwa daktari asiyejua kazi. Silvano naye aliamini aliyempeleka ni Cecilia. Kuulizana, hawakuulizana.

"Nataka siku tatu kwenye ile kambi ya mahema, kwa ndege wa utoto wangu," mzee aliwaambia kwa simu, mmoja baada ya mwingine. "Ninyi wawili mtaniangalizia." Mwantum, meneja wa kambi, alimwonya kwamba huu si msimu wa wageni. Mzee hakutaka kusikia habari ya kungoja mvua.

Kilichowatenga ndugu hao ni mazishi ya mama yao. Basi alilopanda Cecilia kutoka Mbeya liliharibika Mtera. Alipofika, kaburi lilikuwa limeshafukiwa, na msalaba umelazwa kando kama kuni. Hakumsemesha tena kaka yake.

Asubuhi ya pili mzee alianza maswali kabla chai haijapoa.

"Cecilia, wale heroe bado wako mashariki?"

"Ndiyo, baba. Karibu na matete."

"Jana Silvano alisema matete yako magharibi."

"Yamezunguka kote, baba," Silvano aliokoa jahazi.

"Haya. Na kiboko je? Zamani hakukosekana."

"Yupo. Amezaa mapacha."

Chai ilimpalia Cecilia. Alimshika kaka yake mkono, akamvuta hadi nyuma ya hema la jikoni.

"Kiboko na mapacha wapi na wapi?"

"Wa Bahi anazaa."

"Na akiuliza wana rangi gani?"

"Ndiyo maana nakwambia tukubaliane," Silvano alisema. Akatoa karatasi ya menyu, wakaigeuza na kuchora: matete hapa, heroe pale, mama kiboko na wanawe katikati. Cecilia aliongeza mamba. Silvano akasema mamba atawameza mapacha, na mzee atahuzunika. Cecilia akamfuta mamba. Ghafla wote wawili waliangua kicheko hata mpishi akachungulia kuona kuna nini.

Mchana ule mzee alikuwa mgumu kuliko mkaguzi wa shule. Aliwataka wakae kiti kimoja, wamsimulie kwa zamu, na mmoja akikosea mwenzake amsahihishe. Kila baada ya nusu saa iliwabidi waende nyuma ya jikoni kupanga upya uongo wao. Mara ya nne hawakurudi haraka.

"Ungenisubiri," Cecilia alisema. Hakuwa akizungumzia ndege.

"Nilikusubiri mpaka saa kumi. Mchungaji alikuwa na msiba mwingine. Nilikupigia mara saba, simu haikupatikana."

"Hata msalaba mliutupa chini."

Silvano alitikisa kichwa. "Hatukuutupa. Niliwazuia wasiusimike. Niliwaambia huo ni wa Cecilia, atausimika mwenyewe akifika. Wewe ulifika, ukauona, ukageuza mgongo. Niliusimika mimi kesho yake, nikilia kama mtoto."

Cecilia alikaa chini palepale, juu ya gunia la mkaa. Miezi ishirini aliubeba ule msalaba kama tusi. Alilia bila kujificha, na kaka yake akachuchumaa mbele yake, akimpangusa vumbi la mkaa mikononi kwa shati lake.

Waliporudi, mzee hakuuliza wamechelewa wapi. "Nisimulieni jua linavyozama juu ya maji," alisema. Wakamsimulia, wakipokezana, bila kutazama ramani.

Siku ya tatu, Silvano akipakia mizigo garini, Cecilia alikwenda mapokezi kuaga na kuandika kwa niaba ya baba yake kwenye kitabu cha wageni.

"Mzee ameshaandika," Mwantum alisema. "Alikuja alfajiri, ninyi mmelala."

Cecilia alikivuta kitabu karibu. Mwandiko ulikuwa wa kialimu, umekaa juu ya mstari, hakuna herufi hata moja iliyoyumba:

"Maji hakuna. Ndege hakuna hata mmoja. Mwakani tuwekeeni nafasi tena Oktoba, kabla mvua hazijaharibu mambo."